Moto na baridi ni dawa: tuvipe kipimo na saa

Wandugu wafanyakazi, na ninyi akina mama mnaotunza wagonjwa nyumbani,

Katika dispensari kila kidonge kina kipimo chake. Hakuna mtu anayekamata vidonge vya parasetamoli kiganja kizima na kumpa mgonjwa ameze. Anauliza kwanza: mgonjwa ana miaka mingapi? Ana kilo ngapi? Amemeza saa ngapi mara ya mwisho? Lakini maji ya moto, hakuna anayeyapima. Barafu, hakuna anayeitazama saa. Sufuria inatoka juu ya mbabula, kitambaa kinachovywa, kinakamuliwa na kuwekwa juu ya mgongo wa mtu. Akilia, anaambiwa: «Vumilia, ndiyo dawa inaingia.»

Ninaandika leo kupinga desturi hiyo. Wazo langu ni hili: moto na baridi ni dawa kama dawa nyingine. Vinatuliza maumivu kweli, wala sisemi tuviache. Lakini vinaweza kuunguza, kuozesha nyama, hata kuua. Kwa hiyo lazima vitolewe kwa kipimo, kwa saa, na mbele ya mtu anayeangalia. Soma mpaka mwisho, kisha uamue mwenyewe kama ninasema uongo.

NAMNA VINAVYOFANYA KAZI

Moto hufungua mishipa ya damu. Damu nyingi inafika mahali pale, misuli iliyokazana inalegea, na maumivu yanapungua. Ndiyo maana mtu aliyeinama siku nzima akibeba mifuko anapata nafuu mgongo ukikandwa maji ya vuguvugu jioni.

Baridi hufanya kinyume. Hubana mishipa, damu inapita kidogo, na mshipa wa fahamu unasinzia. Kwa hiyo mtu hasikii maumivu sana.

Ukielewa mambo haya mawili, utaelewa karibu makosa yote yanayofanyika. Mahali panapovuja damu kwa ndani, ukiweka moto unaongeza kuvuja. Mahali ambapo damu inapita kwa shida, ukiweka baridi unaikatisha kabisa. Moto na baridi havibadilishani kazi, na kuchagua kimoja kwa kubahatisha ni kama kufungua kabati la dawa gizani.

HESABU YA VIKOMBE

Watu huniambia: «Bwana, sisi hatuna kipima joto nyumbani.» Najua. Basi tufanye hesabu pamoja.

Mji wetu wa Kalemie uko kando ya ziwa, karibu mita 770 juu ya bahari. Kwa kimo hicho maji huchemka kwenye digrii 97 hivi. Maji ya kawaida yaliyolala ndani ya bidon yana digrii karibu 25. Sasa changanya:

Kikombe 1 cha maji yanayochemka na kikombe 1 cha maji ya kawaida: karibu digrii 61.

Kikombe 1 kwa vikombe 2: karibu digrii 49.

Kikombe 1 kwa vikombe 3: karibu digrii 43.

Kikombe 1 kwa vikombe 4: karibu digrii 39 au 40.

Tuone ngozi ya mtu inasema nini. Mwaka 1947, huko Marekani, wataalamu wawili, Moritz na Henriques, walipima muda ambao ngozi inavumilia joto kabla ya kuungua. Kwa digrii 60, sekunde karibu 5 zinatosha. Kwa digrii 49, ni dakika chache tu. Na hata kwa digrii 44, ambazo mkono wako unaziona kama vuguvugu nzuri, ngozi inaungua ikikaa hapo saa 6 hivi.

Angalia sasa mchanganyiko wa «nusu kwa nusu» ambao nyumba nyingi wanautumia. Ni digrii 61! Maji hayo hayakandi, yanapika. Basi kumbuka sheria moja: kikombe 1 kinachochemka, vikombe 4 vya kawaida. Mimina kwanza yale ya kawaida, kisha yale ya moto, na koroga. Halafu chovya kiwiko chako, si vidole. Vidole vya mama anayeshika sufuria kila siku vimezoea moto na vitakudanganya. Kiwiko kikisema «vuguvugu», anza. Kiwiko kikiruka, ongeza maji ya kawaida.

Kitambaa kikae dakika 15 mpaka 20, si zaidi. Kila baada ya dakika 5 kiinue, utazame ngozi. Ikiwa nyekundu sana, au ina mabaka, au mgonjwa anasema inachoma, acha palepale.

NGOZI ISIYOSIKIA

Kilio cha mgonjwa ndiyo kengele yetu ya hatari. Lakini kuna watu ambao kengele yao imekatika. Mwenye ugonjwa wa sukari wa miaka mingi hasikii vizuri nyayo zake. Mwenye ukoma vilevile. Aliyepooza upande mmoja, aliyeumia uti wa mgongo, mlevi, mtu aliyepoteza fahamu, aliyepewa dawa kali ya usingizi: wote hao hawatakuambia kwamba unawaunguza.

Nilimhudumia mzee mmoja, mstaafu, mgonjwa wa sukari. Usiku wa mvua alisikia baridi. Watoto wake, kwa upendo, walijaza chupa maji ya moto na kuiweka chini ya nyayo zake, kisha wakamfunika. Mzee alilala vizuri kabisa. Asubuhi, walipoondoa blanketi, kisigino kilikuwa na lengelenge kubwa kama yai. Hakusikia kitu. Kidonda kile kilikula miezi, na pesa nyingi za familia. Hakuna mtu mbaya katika nyumba ile. Kilichokosekana ni kujua tu.

Kwa hiyo: kabla ya kuweka moto au baridi, gusa mahali pale kwa pamba na kwa ncha ya kijiti butu, mgonjwa akiwa amefumba macho. Akishindwa kutofautisha, usiweke chochote. Mpe soksi na blanketi. Na kwa mtu yeyote, hata mzima: chupa ya moto ifungwe kitambaa, isilaliwe juu yake, na itolewe kitandani kabla ya usingizi.

Kitu kingine cha kutia joto ni mbabula yenyewe. Kuna wanaoingiza mbabula ya makala ndani ya chumba cha mgonjwa au cha mzazi, wakifunga mlango na dirisha. Makala yanatoa hewa ya sumu ambayo haina rangi wala harufu. Watu wanasinzia, hawaamki. Mbabula ibaki nje, hata mvua ikinyesha.

TUKIWA KAZINI

Kifundo kilichopinduka. Mtu amekanyaga jiwe, mguu umegeuka, umevimba. Jioni anakwenda kwa mzee wa kukanda, na kazi inaanza: maji ya moto na chumvi, kidole gumba kikisukuma uvimbe. Siku mbili za kwanza, hapana! Ndani kuna mishipa midogo iliyokatika. Moto na kukanda vinazidisha. Weka baridi: barafu ndani ya sashe, sashe ndani ya kitambaa chenye maji, dakika 15, kisha toa. Rudia baada ya saa 2 au 3. Barafu isiguse ngozi moja kwa moja, maana nayo inaunguza kama moto.

Nitakuambia ukweli pia juu ya barafu. Mwaka 1978 mganga wa Marekani, Gabe Mirkin, aliwafundisha wanamichezo wa dunia kupumzisha, kuweka barafu, kufunga na kuinua mguu. Mwaka 2014 yeye mwenyewe aliandika kwamba barafu nyingi inaweza kuchelewesha kupona. Basi barafu ni ya kutuliza maumivu mwanzoni tu. Na kama mtu hawezi kupiga hatua nne kwa mguu ule, hiyo si kazi ya barafu. Huenda mfupa umevunjika, aletwe kwetu.

Mikono ya mashini. Ninyi mnaoshika mashini ya kutoboa mawe, mmekwisha kuona vidole vinakufa ganzi na kuwa vyeupe wakati wa baridi? Ugonjwa huo una historia. Mwaka 1918 Dokta Alice Hamilton aliuchunguza kwa wachonga mawe wa Bedford, katika jimbo la Indiana, Marekani. Mtikisiko wa mashini unaharibu mishipa ya damu na ya fahamu. Kwa mikono hiyo barafu ni adui, na maji ya moto sana ni adui vilevile kwa sababu vidole havisikii. Vipashwe polepole, kwa maji ambayo mtu mwingine ameyapima kwa kiwiko. Na usifiche ugonjwa huo kwa kapita wako. Kuuficha hakutarudisha vidole.

Mtu aliyeangushwa na joto. Mwezi wa 9 na wa 10, kabla mvua haijashika vizuri, jua linawaka. Mfanyakazi anayeumwa kichwa, anayetapika, kisha anaanza kusema maneno yasiyoeleweka au kuanguka huku mwili unawaka, huyo yuko karibu na kifo. Hapa baridi ndiyo dawa ya kwanza, na hapa usiogope kuwa mkarimu. Mpeleke kivulini, vua nguo za kazi, mwagia maji mwili mzima, pepea kwa nguvu, weka barafu yenye kitambaa shingoni, kwapani na kwenye kinena. Mmoja akimbie kuita gari, lakini kupoza kuanze palepale. Usingoje gari lifike. Kama hana fahamu, usimnyweshe.

Aliyeungua. Maji ya kawaida, safi, yakitiririka juu ya jeraha dakika 20 kwa saa. Yanasaidia hata kama saa 3 zimepita tangu ajali. Barafu hapana. Dawa ya meno, mafuta, chumvi, yai, unga wa muhogo: vyote hapana. Vua pete na saa kabla mkono haujavimba. Jeraha likiwa kubwa, au akiwa mtoto mdogo, poza jeraha lenyewe lakini mwili uliobaki ufunikwe, asije akashikwa na baridi.

Aliyeumwa na nyoka. Barafu hapana, kukanda hapana. Mguu usitikiswe, na hospitali mara moja.

TUKIWA NYUMBANI

Mtoto wa SS. Hapa naomba masikio yako yote. Mtoto mwenye ugonjwa wa drepanositosi ana chembe za damu zinazojikunja kama mundu na kuziba mishipa. Baridi inaweza kuamsha mashambulizi hayo. Sasa mtoto anaamka mikono imevimba, analia. Jirani anaona uvimbe na kusema «weka barafu kama kwa wachezaji mpira». Usifanye hivyo kamwe. Kwa mtoto huyu ni vuguvugu: kitambaa cha hesabu ya vikombe, blanketi, maji mengi ya kunywa, dawa ya maumivu kama mganga alivyoagiza. Na akiwa na homa, au pumzi fupi, au maumivu ya kifua, au maumivu yasiyopungua, msingoje asubuhi. Walimu na marafiki wa mtoto waambiwe pia, maana ziwa linawavuta watoto wote, na kuogelea katika maji baridi kisha kukaa na nguo mbichi kwenye upepo kunaweza kumlaza kitandani.

Homa ya malaria. Mama anaona mtoto anawaka, anamtumbukiza katika maji baridi. Mtoto anatetemeka, na kutetemeka ndiko kunakozalisha joto zaidi ndani. Mpunguzie nguo, mpe maji ya kunywa, mpe parasetamoli kwa kilo zake, kisha mlete apimwe damu. Homa ni moshi tu. Malaria ndiyo moto. Kupoza ngozi hakuui hata mdudu mmoja wa malaria.

Utasema: mbona yule wa kazini tulimwagia maji, na huyu hapana? Kwa sababu yule joto lilimshinda kutoka nje, mwili umeshindwa kulitoa. Huyu mwili wake wenyewe umepandisha joto kwa sababu ya ugonjwa. Joto ni moja, sababu ni mbili, na dawa ni mbili.

Mama aliyejifungua. Kukanda mzazi kwa maji ya moto ni desturi ya mbali. Wanaifanya Zanzibar na pwani ya Kenya na Tanzania, na huku kwetu pia nyumba nyingi wanaifanya. Ina upendo ndani yake: mzazi anapumzika, bibi na shangazi wanamzunguka. Sitaki mwache kumzunguka. Lakini maji yanayochoma, na kitambaa kinachopigwa juu ya tumbo, havisafishi damu. Moto unafungua mishipa, na mama aliyejifungua juzi anaweza kutokwa na damu zaidi. Ngozi iliyochanika au kushonwa inaungua upesi. Aoge maji ya vuguvugu, safi. Kwa maumivu ya pale aliposhonwa, siku za kwanza, kitambaa cha baridi dakika 10 kinatuliza. Akilowesha pamba moja baada ya nyingine kwa damu, ni hospitali, si mbabula.

Mtoto mchanga aliyezaliwa na kilo chache. Asiwekewe chupa za moto ubavuni; ngozi yake ni nyembamba kama karatasi. Huko Bogotá, nchi ya Kolombia, mwaka 1978 Dokta Edgar Rey Sanabria alianza kuwaweka watoto hao kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, na leo Shirika la Afya Duniani linapendekeza njia hiyo. Kifua cha mama kina digrii zinazofaa, hakizidi wala hakipungui, na hakihitaji makala. Baba naye ana kifua. Akina baba, msione haya.

Maumivu ya tumbo ambayo hujui sababu yake. Usiweke moto. Ikiwa ni kidole tumbo kilichovimba, moto unatuliza kidogo na kukuchelewesha nyumbani, wakati usaha unakaribia kupasuka.

WANAOSEMA «NI MAJI TU»

Najua majibu yenu, maana nayasikia kila wiki. La kwanza: «Wazee wetu walifanya hivi, na sisi tupo hai.» Ni kweli, na wazee walijua mengi. Lakini mzee mwenye ujuzi alikuwa na kipimo chake: alijaribu maji kwa mkono wake wa ndani, alikaa na mgonjwa, alitazama. Sisi tumebakiza sufuria tu, kipimo tumekitupa. Anayepima maji hamdharau babu yake, anamfuata.

La pili: «Wewe unataka watu waache dawa ya bure wanunue vidonge.» Hapana. Kwa mgongo wa kazi, kwa shingo iliyokazana, kwa maumivu ya mwezi ya wasichana, kitambaa cha vuguvugu ni kizuri sana na hakina gharama. Ni kwa sababu ni kizuri ndiyo nataka kitumiwe vizuri.

La tatu linatoka kwa wakubwa wa zamu: «Hatuna muda wa kuandika maji kwenye daftari.» Wandugu wakubwa, kuandika mstari mmoja kunachukua nusu dakika. Kutibu kidonda cha moto kunachukua majuma, na wakati huo mtu hayuko kazini.

NINACHOOMBA

Kwa kila posti ya msaada wa kwanza naomba vitu vinne: saa ya ukutani inayotembea, kipima joto cha maji, vitambaa safi vya kufungia, na daftari. Katika daftari yaandikwe mambo matano: nani, mahali gani pa mwili, moto au baridi, saa ya kuweka, saa ya kutoa. Na anayeweka asiondoke. Akiitwa kwingine, aondoe kwanza.

Kwako wewe nyumbani naomba maswali matatu kabla ya kugusa sufuria au frigo:

1. Je, anasikia mahali pale?

2. Je, ni jeraha jipya, au ni maumivu ya zamani?

3. Je, ana sukari, SS, au ganzi ya vidole?

Ukishindwa kujibu hata moja, usiweke kitu. Mlete mgonjwa, tutajibu pamoja. Mlango wa dispensari uko wazi kwa zamu ya mchana na ya usiku, na hakuna swali la kuonea haya.

Kata ukurasa huu, ubandike karibu na mbabula. Na kumbukeni hesabu: kimoja kinachochemka, vinne vya kawaida, kiwiko, na saa.

Msaidizi wa mganga, Kalemie